Nyanya Waliobeba Madawati

Kanisani ukisimama kutoa ushuhuda, watu hungoja muujiza. Hungoja hundi iliyofika siku ya mwisho, au mgeni aliyebisha hodi akisema ametumwa na Mungu. Mimi nimesimama mara kadhaa, na kila nikiketi naona nyuso zimepoa kidogo, maana ushuhuda wangu una maharagwe mengi kuliko miujiza. Mungu ametuvusha, hilo sina shaka nalo. Ila alitumia mikono ya wanawake wazee wa Kibera, na baadhi yao hawawezi hata kusoma jina la shule lililoandikwa langoni.

Tulianza shule mwaka wa 2005 upande wa Lindi, mimi na kina mama wenzangu wa chama cha kuweka akiba. Elimu ya msingi ilikuwa bure tangu Januari 2003, na shule za umma zilizo pembezoni mwa mtaa, kama Olympic na Ayany, zilikuwa zimefurika. Hata hivyo kulikuwa na watoto walioshinda nje mchana kutwa. Ile bure ya serikali haikufika kwenye sare wala viatu, na mtoto anayelelewa na nyanya muuza omena hakuwa na mtu wa kumpigania nafasi. UKIMWI ulikuwa umepita nyumba hadi nyumba. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999; dawa za kupunguza makali zikaja kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka wa 2006. Katikati ya miaka hiyo miwili ndipo wazazi wengi wa watoto wetu wa kwanza walipozikwa.

Mgeni akija, swali lake la kwanza ni mayatima wako wangapi. Jibu langu humchosha. Kwa hesabu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tayari ni yatima, na kwa hesabu hiyo tunao tele. Kwa hesabu ya mtaani, mtoto ana mtu au hana. Wa kwetu karibu wote wana mtu: nyanya, shangazi, dada aliyeacha shule ya upili ili alee wadogo zake, pengine baba aliye hai ila chang'aa imemshika. Wasio na mtu kabisa tumewapata wachache mno, na hao tuliwapeleka kwa afisa wa watoto kama inavyotakiwa. Kazi yetu tangu mwanzo imekuwa kumshikilia yule mtu asianguke, kwa sababu akianguka yeye ndipo mtoto anakuwa yatima wa kweli.

Wengi hudhani shule ya namna hii huendeshwa kwa huruma. Huendeshwa kwa hesabu. Zile pesa za elimu bila malipo, shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, sisi hatukuwahi kuziona. Shule za mitaani zina mwongozo wao, ule wa elimu mbadala, APBET, wa mwaka wa 2015, ambao unazitambua lakini haukutuletea mwalimu hata mmoja wa kulipwa na serikali. Kwa hiyo kodi ya kiwanja, mishahara, chaki, kuni na maji ya mitungi ni juu yetu. Mwenye chochote hulipa karo kidogo kwa wiki, asiye nacho halipi, na walimu wanalipwa kiasi ambacho naona haya kukiandika hapa.

Kinachokula pesa kuliko vyote ni chakula. Saa nne ni uji, saa saba ni githeri. Mpishi wetu huloweka mahindi na maharagwe jioni, na saa kumi na moja alfajiri jiko limeshawaka. Pesa zikiwepo ni nusu kwa nusu. Zikipungua mahindi huzidi, na watoto wanajua kabla hata ya kuonja, kwa kutazama rangi ya mchuzi. Mpishi huyo ana jicho. Siku moja aliniita jikoni akanionyesha mvulana wa darasa la tatu. Alikuwa amekula nusu ya sahani, akatazama huku na huku, akamimina iliyobaki kwenye mkebe wa Kimbo, akaufunika kwa karatasi ya daftari na kuusukuma ndani ya begi. Zamani walibebea kwenye mifuko ya plastiki. Ilipopigwa marufuku Agosti 2017, ikaja mikebe. Nyumbani kulikuwa na mdogo wake ambaye hajafika umri wa shule. Mpishi hakumgombeza. Kesho yake alimwongezea upawa mmoja bila kusema neno, na tangu hapo tukipiga hesabu ya magunia hatufuati rejista peke yake. Tunahesabu na mikebe.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa na mfadhili wa ng'ambo. Sitamtaja, wala sina kinyongo naye, maana githeri ya miaka hiyo ilikuwa yake. Mwaka wa 2016 aliandika kwamba wachangiaji wake wangetoa zaidi kama tungekuwa na makao ya watoto. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: ardhi nje ya Nairobi, mabweni mawili, kisima, na kila mtoto kuwa na picha na historia yake fupi ya kutumiwa mtu wa kumlipia. Historia zenyewe zilitakiwa ziwe za kuhuzunisha. Tukaita mkutano wa walezi, na nikausoma mpango wote, nikitafsiri kila kifungu. Palikuwa na kimya kirefu, kisha nyanya mmoja wa Mashimoni akasimama.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto nilimzika mama yake na nikamzika baba yake. Sasa nimtoe yeye nibaki na kitanda kitupu? Waambie watusaidie na unga. Kulea najua."

Wengine wakaitikia. Wapo waliosema tukubali, na hoja zao hazikuwa za kijinga: huko kuna vitanda, kuna choo cha maji, hakuna risasi usiku. Lakini walio wengi walikataa, na mimi nilikuwa upande wao. Nimeona vijana waliotoka kwenye makao wakiwa na miaka 18, Kiingereza safi, shati limenyooshwa, na hawana mtu hata mmoja wa kumpigia simu. Tukamwandikia mfadhili tukamwomba chakula kiendelee bila bweni. Alijibu kwa adabu. Muhula wa tatu ulipokwisha, pesa nazo zikaisha.

Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia, mwaka uleule ilipopitishwa Sheria ya Watoto mpya. Watu wa ofisini sasa hutuambia tulikuwa tumeona mbali. Hatukuona mbali popote. Tulisikiliza nyanya, na muhula uliofuata tukapika uji mwepesi.

Tulikuwa hatujakaa sawa ndipo ikaja barabara. Habari za barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata zilikuwa za miaka mingi, kiasi kwamba watu walikuwa wameacha kuziogopa. Shule yetu ilikuwa kwenye mstari wake. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 23 Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera zikilindwa na polisi. Watu wapatao 30,000 walipoteza makao, na shule kadhaa zilibomolewa pamoja na nyumba. Kuhusu haki ya jambo lile wameandika mawakili na watu wa haki za binadamu. Mimi nitasema la Jumapili.

Jumapili mchana, baada ya ibada, fununu ziligeuka kuwa habari. Nilikuwa na walimu wanne na shule nzima ya kuhamisha. Nikatuma ujumbe kwa walezi nikiwaomba kesho wasiwalete watoto, basi. Sikuomba msaada, kwa sababu wengi wao nyumba zao pia zilikuwa kwenye mstari. Saa kumi na moja jioni wakaanza kufika. Walikuja na leso zimefungwa kiunoni. Kila mmoja akainua dawati kichwani, na msururu wa watu ukashuka kuelekea Laini Saba, kwenye kanisa lililokuwa limetupa ukumbi. Mmoja alibeba ubao mweusi, ambao bado ulikuwa na hesabu za kugawanya za Ijumaa. Sufuria kubwa ya githeri ilibebwa na wanne, kama jeneza, na njiani watu wakawapisha. Usiku vijana wakapanda juu ya paa na tochi za simu kung'oa mabati. Nyanya waliobaki chini wakaokota misumari, wakaketi kwenye mawe na kuinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo na kwa mawe, wakaijaza kwenye mkebe wa rangi. Nilimuuliza mmoja wao nyumba yake imefikia wapi. Akasema kitanda kiko kwa jirani, cherehani iko kwa binti yake, na nyumba ni ya mwenye nyumba.

Kufikia saa tatu asubuhi pale palikuwa na udongo tu. Darasa la nane walikuwa wanangoja KCPE miezi mitatu mbele. Walisomea kanisani, siku za juma wakikaa upande wa kwaya kwa sababu ndio uliokuwa na taa, na Oktoba ilipofika wote walikwenda kufanya mtihani. Mabati yaleyale, na misumari ileile, ndiyo yaliyojenga madarasa mapya Silanga kwenye kiwanja cha kukodi.

Mwaka uliofuata, Septemba 23, sakafu ya juu ya shule moja ya Ng'ando, Dagoretti, ilianguka asubuhi watoto wakiwa darasani. Wanane walikufa. Baada ya hapo shule za mabati zilianza kukaguliwa, na sikuona sababu ya kulalamika. Yetu haikuwa na ghorofa, lakini milango ilifungukia ndani, vyoo havikutosha, na ukuta mmoja ulikuwa umeegemezwa kwenye nyumba ya jirani. Tulipewa muda. Fundi wa jua kali, ambaye watoto wa marehemu kaka yake wako kwetu, aligeuza milango yote kwa malipo ya chakula cha mchana. Vyoo vilitoka kwenye chama.

Halafu Korona. Tangazo la kufunga shule lilitoka Machi 15, 2020, na kwa shule isiyo na mfadhili maana yake ilikuwa moja: hakuna mtoto, hakuna karo; hakuna karo, hakuna mshahara. Magazeti yaliandika kuhusu shule moja ya Mwea ambayo madarasa yake yaligeuzwa kuwa mabanda ya kuku. Mwenye kiwanja chetu naye alikuja na futi ya kupimia. Alitaka kugawanya madarasa yawe vyumba vya kupangisha, na kwa hesabu yake hakuwa na kosa, tulikuwa na deni. Mwenyekiti wa walezi alimwomba mwezi mmoja. Katika mwezi huo nyanya waliokuwa wakiuza mboga, samaki wa kukaanga na makaa ndani ya mtaa wakahamisha vibanda vyao hadi mbele ya ukuta wa shule, ambako watu hupita wengi, na kila mmoja akawa anamtolea mwenye kiwanja kitu kidogo kila Jumamosi. Haikufika kodi kamili hata siku moja. Ilitosha kumfanya aiweke ile futi mfukoni.

Masomo kwa simu yalibaki redioni na kwenye hotuba. Simu ya nyanya ni ya kubonyeza, na salio lake ni la kupokea M-Pesa. Walimu wawili waliendelea kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na daftari na barakoa za kitambaa, zaidi kuangalia nani amekula kuliko nani amesoma. Wavulana wakubwa waliingia kwenye mjengo na kuokota vyuma chakavu. Wasichana wetu kadhaa walipata mimba. Oktoba 12 wakarudi Gredi ya Nne na darasa la nane, Januari 4, 2021 wakarudi wote, na wote hapa ni neno la tangazo. Wavulana watatu hatukuwapata tena. Wasichana waliojifungua walirudi, kwa kuwa nyanya zao waliwashikia vitukuu. Mwalimu wetu mzuri wa hesabu yuko soko la Toi akiuza mitumba hadi leo, anapata zaidi ya tulivyomlipa, na nikipita huniuzia sweta za watoto kwa bei ya kununulia.

Kuna ugumu mmoja ambao hauvutii wafadhili kwa sababu haupigiki picha, nao ni makaratasi. Novemba 2022 Gredi ya Sita ya kwanza ilifanya mtihani wa KPSEA. Ili mtoto asajiliwe alihitaji namba kutoka NEMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi, na ili apate namba alihitaji cheti cha kuzaliwa. Mtoto mwenye wazazi hukipata kwa usumbufu wa kawaida. Mtoto aliyezaliwa nyumbani Gatwekera, mama akafa kabla hajamsajili, anaanza safari nyingine.

Tulikuwa na msichana wa namna hiyo. Alikuwa wa kwanza au wa pili darasani kila muhula, na kwa serikali hakuwepo. Ofisini walitaka kadi ya kliniki, barua ya chifu, kitambulisho cha mama au cheti chake cha kifo. Cheti cha kifo hakikuwepo, kwa sababu mama alizikwa Siaya na karatasi zilibaki huko. Nyanya yake alipanda basi la usiku kwenda kumtafuta naibu wa chifu aliyetoa kibali cha mazishi. Akakuta amestaafu, akafuata hadi shambani kwake, na yule mzee akakumbuka mazishi kwa sababu mvua iliharibu hema. Kadi ya kliniki tayari nyanya alikuwa nayo. Aliitoa mbele yangu: mkebe wa majani ya chai, ndani yake kipande cha nailoni kilichofungwa kwa uzi, ndani yake leso, ndani ya leso kadi imekunjwa mara nne, wino wa chanjo umefifia lakini unasomeka. Alikuwa ameihifadhi tangu mtoto akiwa mchanga bila kujua itafaa nini. Tukafurahi, kisha karani akaona kwamba jina la mama kwenye kadi limekosa herufi moja. Ikabidi hati ya kiapo. Wakili mmoja aliyekulia hapahapa Kibera aliiandika bure, akasema tu tumsalimie mwalimu wake wa darasa la pili.

Cheti kilitoka usajili ukiwa karibu kufungwa. Msichana alikisoma kwa sauti mbele ya meza yangu, jina lake, jina la mama yake, halafu akasimama.

"Mwalimu, hapa pa baba mbona hapana kitu?"

Nyanya akanitangulia. "Hapo ni pangu, mwanangu. Karani hakuniuliza."

Siku hizi mtoto akiandikishwa tunafungua faili lake siku hiyohiyo, hata kabla ya kumpa daftari, na mwalimu mmoja kazi yake kila likizo ni kufuatilia vyeti. Bado yapo mengine. Julai 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, na tukarudi kwenye uji mwepesi. Sekondari ya msingi ilipoanza Januari 2023 hatukuwa na maabara, hivyo wetu wakimaliza Gredi ya Sita tunawatafutia nafasi shule za umma, na nusu ya Januari yangu huishia kwenye mabenchi ya ofisi za walimu wakuu wenzangu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki zilizoitegemea zilipunguza wahudumu, na kwa wiki kadhaa hatukujua watoto wetu wanaotumia ARV wangechukulia dawa wapi. Nyanya walijua. Kila mmoja ana tarehe za kliniki za mjukuu wake kichwani, wakaulizana, wakagundua ni wapi bado wanatoa, wakawapeleka watoto kwa makundi ili wagawane nauli.

Mwaka huu ameandika mfadhili mwingine. Anaonekana mtu mwema. Ameuliza mayatima ni wangapi, na kama anaweza kupata picha na maelezo mafupi ya kila mmoja. Niliipeleka barua kwenye kamati, ambayo sasa ina nyanya saba, walimu wawili na yule fundi wa milango. Mwenyekiti aliniuliza kama huyo mtu anajua gunia la maharagwe ni pesa ngapi Nairobi. Nikasema sidhani.

"Basi anza hapo," akasema.

Nimeanza hapo. Tumeomba maharagwe ya muhula mmoja kwanza, ili naye atuone na sisi tumwone, mishahara ya walimu wawili, na nauli za kufuata vyeti Siaya, Kakamega na Machakos. Picha za watoto hatutatuma. Kamati imekubali apigwe picha mpishi, ambaye mwenyewe alitaka kujua itapigwa siku gani, kwa sababu ana mpango wa kusuka.